Bi. Time na Sufuria za Albalu: Miaka Kumi na Sita Jikoni kwa Khanom Mahin

Bi. Time Hamisi Mwarandani, mpishi mkuu wa wali katika Mkahawa wa Khanom Mahin, hapa Al Sadd, Doha, amestaafu rasmi jana, Alhamisi tarehe 31 Oktoba 2019, baada ya kuutumikia mkahawa huu kwa miaka kumi na sita, miezi saba na siku ishirini na mbili. Hizo siku ishirini na mbili kaziweka mwenyewe. Nilipompelekea rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika miaka kumi na sita na ushei, akanirudishia. Alisema hakuna hata siku moja kati ya hizo aliyokaa bure, kwa hiyo zisifichwe ndani ya ushei.

Kwa wasionijua, mimi ni Fabian, mtunza stoo, mtu wa Muheza, na nipo hapa tangu mwaka 2006. Jarida letu la wafanyakazi hutoka kwa Kiingereza na Kiarabu. Safari hii uongozi umetupa kurasa za Kiswahili kwa heshima ya Bi. Time, na Augustine, mhudumu wetu wa siku nyingi kutoka Kampala, akapendekeza niziandike mimi kwa sababu eti ndiye ninayejua kulalamika vizuri kuliko wote. Sikukasirika. Mtunza stoo asiyelalamika huishiwa na mchele. Na katika habari hii nina lalamiko langu moja la miaka mitano ambalo leo nalifuta mbele yenu.

Bi. Time alizaliwa Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, mwaka 1958. Alifika Doha mwaka 2001 kufanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Abu Hamour. Familia hiyo ilipohama nchi, haikumwacha hewani. Ilimwombea kazi kwa jirani yao, Khanom Mahin, mama wa Kiirani kutoka Shiraz ambaye alikuwa amefungua mkahawa pamoja na mwanawe, Agha Behruz. Kwao Khanom ni kama sisi tunavyosema Bibi, na Agha ni Bwana, nasi tumeyazoea majina hayo mpaka wengine tunadhani ndiyo waliyopewa walipozaliwa. Tarehe 9 Machi 2003 Bi. Time akaingia kazini, akakabidhiwa sinki na sufuria za kusugua.

Sufuria zenyewe ni za chakula kinachotuweka mjini sote, albalu polo. Albalu ni cheri ndogo nyekundu, kali kwa uchachu, ukizila mbichi unafumba jicho moja. Mchele unachemshwa nusu kiini, unachujwa, kisha unapangwa ndani ya sufuria yenye samli na zafarani, safu ya wali, safu ya cheri zilizopikwa na sukari, safu ya vibonge vidogo vya nyama ya kondoo, hivyo hivyo mpaka juu. Kifuniko kinavishwa kitambaa, kinabanwa, moto unapunguzwa. Baada ya hapo hakuna kufunua. Mvuke ukitoka, wali unalala, punje zinashikana, na wali ukilala kwa Khanom Mahin unatupwa.

Bi. Time ananiambia kwamba mara ya kwanza alipoona mchele unachujwa na maji yanamwagwa, alidhani mtu amekosea. Kwao maji ya wali hukaukia ndani, na mwenye kuyamwaga huulizwa kama ana akili timamu. Aliuliza pia makaa ya kupalia juu ya kifuniko yako wapi, maana kwake pilau isiyopaliwa haijaiva. Khanom Mahin alimjibu kwa kumwelekeza kwenye sinki.

Kisa cha ukoko mimi sikukishuhudia, lakini Augustine alikuwepo, tena mdomo wake ulikuwepo zaidi. Ilikuwa mwezi wa pili wa Bi. Time kazini. Familia ya watu tisa kutoka Shiraz ilikuwa imeagiza sufuria nzima. Khanom Mahin alikuwa karibu kupakua, akaitwa kwenye simu, akamwashiria Bi. Time apakue yeye. Bi. Time akapakua kwa adabu zote za Msambweni: wali mweupe na mwekundu uliojikunjua vizuri katikati ya sinia, nyama juu, cheri pembeni. Ukoko akaubandua taratibu, akaufunika chini ya bakuli kwa ajili ya wenzake wa jikoni. Kwao ukoko ni wa watu wa ndani. Kumwekea mgeni ukoko ni kumwambia kwamba chakula kimekwisha na tunakukwangulia sufuria.

Sasa kwa Wairani mambo ni kinyume chake kabisa. Ule ukoko wa dhahabu uliolowa samli na sukari ya cheri ndiyo heshima ya mgeni. Huwekwa kwenye sahani yake peke yake, na mkubwa wa meza ndiye anayeuvunja. Wale watu tisa walitazama sinia, wakatazamana, mzee wao akauliza ukoko uko wapi. Augustine akakimbilia jikoni kuuliza, akajikuta anauliza huku anatafuna, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshapewa kipande. Khanom Mahin alipomaliza simu alikuta watu sita wamesimama karibu na sinki, kimya, mashavu yamejaa.

Alikasirika, hilo halina ubishi. Kisha akataka kuelezwa, na Bi. Time akaeleza kwa Kiarabu chake cha miaka miwili, kwamba kizuri alikuwa anawawekea watu wake. Khanom Mahin akakaa kwenye kigoda. Augustine anasema alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya ushungi, halafu akaenda mwenyewe kuwaomba radhi wageni. Kesho yake akamtoa Bi. Time kwenye sinki, akamsimamisha kwenye jiko la wali. Alisema mtu anayejua ukoko ni wa kufichwa atajifunza kuupika.

Akajifunza. Kwa kuwa hakuna kufunua sufuria, kazi yote ya mwisho ni ya sikio. Unalowesha kidole, unagusa ubavu wa sufuria, unasikiliza. Kwanza inajibu kwa uvivu, ina maji bado. Baadaye inaanza chiii ya taratibu, samli imefika chini. Halafu inafika dakika ambapo ile sauti inakuwa kavu, kama mtu anayekunja karatasi. Hapo ndipo ukoko umekamilika, na kwa ajili ya sukari ya cheri, una dakika mbili tu za kuitoa motoni. Ukichelewa, sukari inaungua, uchungu unapanda hadi juu, na kilo nane za mchele zinakwenda na maji. Khanom Mahin alimfundisha kwa miaka miwili, akimfunga macho kwa kitambaa siku nyingine ili asidanganywe na mvuke. Mwaka 2005 yule mama alirudi Shiraz kupumzika, akamwachia sufuria zake kumi na moja.

Sifa za Bi. Time zilienea haraka. Wairani waliotoka mbali waliomba kumwona mpishi, wakitarajia mama wa Kishirazi, anatoka mama wa Kidigo na leso yake kiunoni. Mzee mmoja alimuuliza anatoka mji gani, akajibiwa Msambweni, akafikiri kidogo, kisha akauliza Msambweni iko upande gani wa Shiraz. Amefundisha wapishi tisa, na wawili kati yao leo wanaongoza majiko yao wenyewe. Mwaka 2008 cheri zilipochelewa majuma matatu, alimwagiza Husna, mwenzetu wa kazini aliyekuwa likizo Mombasa, arudi na zambarau zilizogandishwa, akazipika badala ya albalu. Wali ukatoka rangi ya wino. Agha Behruz akala, akaongeza sahani ya pili, akafuta mdomo, kisha akapiga marufuku jambo hilo lisirudiwe wala lisisimuliwe. Leo nimelisimulia, maana Bi. Time anaondoka na mimi mkataba wangu ni mpya.

Basi nifike kwenye lalamiko langu.

Alhamisi tarehe 20 Februari 2014 tulikuwa na kazi ya chakula cha mchana cha uchumba, sufuria nane. Tatu kati yake ziliungua. Haikuwahi kutokea. Tangu niingie mkahawa huu sikuwa nimeona Bi. Time akiunguza hata kijiko. Harufu ilitoka jikoni ikanifuata hadi stoo, nami nikaja mbio kama wengine. Agha Behruz alikuwa amesimama katikati ya jiko. Hakumtazama Bi. Time. Alichukua chupa ya cheri, akachovya kidole, akaonja, na mbele ya watu wote akasema shira ni nzito mno, sukari imeshuka chini ikaungua, na aliyeipokea bidhaa hiyo ni Fabian.

Jamani, niliumia. Cheri zilikuwa za kiwanda kilekile, chupa zilezile, karatasi ya mapokezi ninayo mpaka leo. Nilijitetea, akaniambia khalas, yamekwisha, tupike nyingine. Kwa wiki nzima wenzangu wakawa wananiita Bwana Shira. Na kama hiyo haikutosha, mwezi uliofuata Agha Behruz akaamuru mashine ya kukandia unga wa mikate itolewe jikoni, ilikokuwa karibu na jiko la wali, iletwe ndani ya stoo yangu. Mashine ile inanguruma kama lori la mchanga. Unga ukafunika rafu zangu, lebo zikawa hazisomeki, kichwa kikawa kinaniuma kila asubuhi. Nikaandika barua tatu za kuomba iondolewe. Hazikujibiwa. Nikajua nimechukiwa.

Lakini turudi kwenye siku ile ya pili baada ya sufuria kuungua. Nilipita jikoni kuchukua mwiko mrefu. Bi. Time alikuwa amesimama mbele ya jiko, mimi nikiwa mkono wake wa kulia. Nikamwomba mwiko. Hakujibu. Nikaomba tena, nikidhani na yeye ameamini kuwa mimi ndiye mwenye makosa na sasa ameninunia. Mara ya tatu nilipaza sauti, wapi. Halafu Milka akaja kutoka upande wa kushoto. Milka ni dada wa Kitale, wakati ule alikuwa na miaka miwili kazini, akikata mboga. Alimnong'oneza Bi. Time jambo dogo tu la bizari, naye akageuka papo hapo akajibu. Nilisimama pale na mikono mitupu. Nikamtazama alivyolowesha kidole, akagusa sufuria, kisha akainamisha kichwa chote ili sikio la kushoto lifike. Nikaelewa.

Nawaambia kweli, wazo la kwanza lililonijia halikuwa la huruma. Lilikuwa kwamba sasa naweza kujisafisha. Sentensi moja tu kwa Agha Behruz na jina la Bwana Shira linanitoka. Nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikabisha, akaniambia niingie. Nikamuuliza kama vitunguu vya wiki ijayo viongezwe. Akasema viongezwe. Nikatoka.

Jumapili yake Bi. Time alinifuata stoo, akaketi juu ya gunia la mchele bila kukaribishwa, kama mtu aliyefika kwake. Alisema sikio la kulia lilianza kufifia tangu Ramadhani iliyopita, kama redio inayopunguzwa kidogo kidogo, na sasa limezimika. La kushoto nalo limeanza kurudi nyuma. Daktari kamwambia halitapona. Mashine ile ya unga ikianza kunguruma, yeye hasikii sufuria hata kidogo. Alisema yote hayo bila kulia, huku anaokota punje za mchele zilizomwagika sakafuni na kuziweka kiganjani.

Aliogopa jambo moja. Mpishi wa wali asiyesikia sufuria si mpishi, na akijulikana atarudishwa nyumbani. Binti yake wa mwisho alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, na hakuna mwingine wa kumsimamia. Tena, alisema, hata kama binti angekuwa amemaliza, yeye bado hajaishiba kazi hii. Alifika Doha akiwa mtu wa kusugua, na ni kwenye sufuria hizi tu ndipo watu walipomuuliza jina lake. Kisha akasimama, akajifunga leso vizuri, akasema anakwenda kwa Agha Behruz kusema ukweli, kwa sababu hawezi kuniacha nibebe aibu yake.

Nilimwambia akae chini. Nilimwambia jina la Bwana Shira nimeshalizoea, tena linanipendeza. Alijua nasema uongo, akakaa.

Tukamwita Milka, na sisi watatu tukapanga. Tangu siku hiyo Milka akawa anakata mboga zake karibu na jiko la wali, upande wa kushoto. Sufuria zikifika wakati wake, yeye ndiye anayelowesha kidole na kugusa, kisha anamwonyesha Bi. Time kwa vidole, mkono ukiwa chini ya meza: kimoja bado, viwili inakaribia, ngumi, toa. Mwanzoni alikosea, sauti zote kwake zilikuwa moja. Bi. Time akamweleza kila sauti kwa kukumbuka, jinsi ilivyo, inavyopanda, inavyokauka, na Milka akawa anaitafuta ndani ya sufuria mpaka aipate. Hivyo ndivyo Milka alivyofundishwa upishi huu, na yule aliyemfundisha hakuwa anausikia. Milka mwenyewe hakujua kwamba anafundishwa. Alidhani anasaidia tu.

Bi. Time naye hakuridhika kutegemea vidole vya mtu. Siku moja aliweka kitako cha mwiko mrefu juu ya kifuniko, akaegemeza kidevu kwenye ncha ya juu, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatoa sufuria motoni sekunde ileile Milka alipokunja ngumi. Alituambia kwamba sufuria inatetemeka, na mtetemo nao una hatua zake. Ukifika wakati unakuwa mdogo na mkali, anausikia mfupani. Kuanzia hapo mwiko ukawa sikio lake. Wateja waliomwona kupitia kile kioo cha jikoni walidhani anasali, na mmoja alimwomba amwombee mwanawe mtihani. Alimwombea, na mtoto akafaulu, basi yule mteja haendi mkahawa mwingine.

Mwaka 2015 alipata kifaa cha kusaidia kusikia, akakificha chini ya mtandio. Kazini kilimletea ngurumo ya feni tu, kwa hiyo akakiweka mfuko wa aproni na akakivaa nyumbani kwao Al Mansoura, anakoishi na Husna na Milka, anapotaka kusikia wanamsema nini. Katika miaka hiyo yote iliungua sufuria moja tu, na kosa lilikuwa langu. Nilimwita Milka stoo aje anisaidie kuning'iniza pazia la kuzuia unga wa ile mashine, siku ambayo Bi. Time alikuwa na jipu kidevuni.

Januari 2016 Khanom Mahin alikuja kutembea, miaka themanini na miwili, mkongojo mkononi. Alitaka kiti kiwekwe jikoni, akaketi kutazama. Tulikosa raha sote watatu. Wakati wa sufuria ulipofika hapakuwa na la kufanya, Bi. Time akauweka mwiko, akaegemeza kidevu. Yule mama akamtazama. Akainuka kwa shida, akasogea, akauomba mwiko, akaegemeza kidevu chake mwenyewe, akatulia hapo. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kigoda cha zamani, akamgeukia mwanawe aliyekuwa mlangoni na kumwambia maneno kwa Kiajemi. Agha Behruz akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hatukuelewa hata neno. Milka aliniambia usiku ule hakupata usingizi akisubiri Bi. Time aitwe ofisini asubuhi. Hakuitwa. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea kuficha.

Binti yake alihitimu uuguzi mwaka 2016 huohuo, na sasa anafanya kazi Kwale. Bi. Time alipopata habari hiyo angeweza kuondoka. Alibaki miaka mitatu zaidi, kwa sababu alitaka kumwacha Milka akiwa peke yake mbele ya sufuria bila kutafuta uso wa mtu. Mwaka huu alimwona amefika, ndipo akaandika barua ya kustaafu.

Mwezi uliopita, nilipoombwa kuandika kurasa hizi, nilimwambia Bi. Time kwamba siwezi kuandika habari zake bila sikio, na bila ruhusa yake sitaandika kabisa. Akasema niandike, ila kwanza twende wote kwa Agha Behruz, asije akayasoma kwenye karatasi kama mgeni. Tukaenda, yeye, mimi na Milka. Bi. Time akasema yote, tangu sufuria tatu hadi mwiko. Alimaliza kwa kuomba radhi kwa miaka mitano ya kumficha.

Agha Behruz alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia kwamba siku ile ya Februari aliingia jikoni na kuzisikia zile sufuria tangu mlangoni, zimeshapita wakati wake, zinapiga kelele, na Bi. Time amesimama hatua moja tu kutoka kwazo, ametulia. Alijua saa ileile. Alihitaji kitu cha kukilaumu upesi kabla watu hawajaanza kufikiri, na cheri hazina kibali cha kazi cha kufutiwa. Kuhusu mimi, alisema alinichagua kwa kuwa alijua nina kifua. Na ile mashine ya unga aliitoa jikoni ili Bi. Time apate utulivu wa kusikia kilichobaki. Barua zangu tatu anazo bado. Hakuzijibu kwa sababu hakujua angejibu nini bila kusema.

Nikamuuliza mama yake alisema nini siku ile ya mkongojo. Akasema alimwambia kwamba kidevu cha mwanamke huyu kinasikia kuliko masikio yako, mwanangu, kwa hiyo nyamaza kama unavyonyamaza.

Sikujua nifanye nini na uso wangu. Miaka mitano watu wanne, kila mmoja anamlinda Bi. Time asijulikane na mwenzake, na mimi humo ndani ninasugua unga kwenye rafu na kununa. Nilitaka kukasirika kidogo kwa ajili ya heshima yangu, sikuweza. Milka alikuwa analia waziwazi, na Bi. Time, aliyekuwa amekivaa kile kifaa chake siku hiyo ili asikie jibu, alimuuliza Agha Behruz kama ni kweli, na alipoambiwa ni kweli, akamwomba aseme tena. Akasema tena.

Basi lalamiko langu la miaka mitano nimelifuta. Mashine ibaki stoo. Na cheri za mwaka 2014, popote zilipo, zilikuwa safi.

Leo, Ijumaa tarehe 1 Novemba, mnaposoma haya kabla ya mkahawa kufunguliwa, sufuria ya mezani imepikwa na Milka, peke yake, kwa sikio lake. Bi. Time amekatazwa kuingia jikoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote ameketi upande wa wageni. Ule mwiko mrefu uko pembeni yake, umefungwa utepe. Ni wake, atasafiri nao, na tumeshauliza kama utaruhusiwa kwenye ndege.

Bi. Time, haya ya mwisho nakuambia wewe, tena Augustine atayasoma kwa sauti kutoka upande wako wa kushoto. Siku zote hizo tunakujua. Ukipewa ukoko, unauvunja, unaanza kuugawa, huyu kipande, yule kipande, na wewe unabaki unalamba vidole. Tulikuhesabia wote: hujawahi kula ukoko mzima hapa. Huu ulio mbele yako umetoka bila ufa. Wewe ndiye mkubwa wa meza hii, na wewe ndiye mgeni wetu wa heshima, basi usitutazame, maana hatuna sahani wala hatuna njaa. Ule wote peke yako, na sisi tutasimama hapa karibu na sinki, midomo mitupu, tukikutazama.

Ahsante kwa kila sufuria. Ahsante kwa kunifuata stoo siku ile. Fika Msambweni kwa heri, uwakute wako wazima, ulale mpaka jua likuamshe, na wakikupikia wali wa kupalia, ukae mbali na jiko uwaache. Tunakuombea miaka mingi, mirefu na yenye raha, isiyo na mkato, pamoja na siku zake zote.

Fabian,
kwa niaba ya wenzako wote wa jikoni